Nyayo za Wapagazi wa Gesarya

Sijawahi kuichukia karatasi kama nilivyoichukia ile. Ilikuwa ukurasa mmoja tu uliotolewa kwa stensili, wino unachafua vidole, na juu yake kwa Kiingereza maneno yenye maana hii: vitabu vinavyopendekezwa kusomwa kuhusu akiolojia ya viwanja vya vita vya kale. Chini yake vitabu kumi na vinne. Daktari Maftah, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam, alinikabidhi mwezi wa tatu mwaka 1975 mbele ya ghala la kijiji chetu, njia ya kutoka Kenyamonta kwenda Ikoma. Akasema, "Mwalimu Regina, soma hivi, utaielewa kazi yangu."

Vitatu kati ya hivyo alivileta mwenyewe, akavikabidhi kwa maktaba ya kijiji. Maktaba nilikuwa naitunza mimi, na msinicheke: ilikuwa kabati moja lililosukumwa kati ya magunia ya mbolea na mapipa ya dawa ya pamba. Asubuhi nilikuwa nafundisha darasa la tano, mchana kisomo cha watu wazima, jioni nateka maji kama wanawake wenzangu. Nilikifungua kitabu cha kwanza. Wafalme wa Ulaya, farasi, mvua ya Uingereza. Nikakifunga. Hilo ni kosa langu na nalitaja mapema, kwa sababu sina tabia ya kuanika makosa ya watu nikakalia langu.

Kilichomleta Daktari ni kilima cha Gesarya. Mwaka 1917, vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipofika kwetu, askari wa Mwingereza walibanwa juu ya kilima kile kutwa nzima. Risasi zao zilibebwa na watu wetu, waliokamatwa mashambani kwa nguvu, wakavishwa shingoni kipande cha chuma cha mviringo chenye namba, wakaitwa wapagazi. Walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na sanduku lake kichwani. Mmoja wao alikuwa Heche, baba mzazi wa bibi yangu Wegesa. Bibi alikuwa bado na meno ya utotoni.

Alirudi mpagazi mmoja tu, jina lake Mogesi. Huyo Mogesi alisimulia kwamba Heche aliwashawishi wenzake wakatupa masanduku korongoni, chini ya kilima, wakakimbia, wakapigwa risasi za mgongo. Yeye peke yake ndiye aliyepanda na sanduku. Wazungu wakampa unyapara. Nyumba ya Heche ikapewa jina: nyumba ya mtoro.

Mtu wa mjini atasema jina haliui. Aje kwetu. Mambo ya ng'ombe, mipaka na ndoa yanaamuliwa kwenye iritongo, mkutano wa ukoo mzima, na kwa miaka hamsini na minane kila mtu wa nyumba yetu aliyeinuka pale kusema alikatwa palepale: "Kaa chini. Mtoro hana neno." Kaka zake Bibi walikatwa hivyo mpaka wakafa. Bibi mwenyewe aliachika kwa jina hilo. Wakwe walisema hawataki damu ya woga ndani ya boma lao, akarudi kwao na mtoto mgongoni, ambaye ndiye baba yangu. Baba naye alipokwenda kulilia shamba letu la kando ya mto, alikatwa kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Shamba likaenda. Alikufa nalo moyoni.

Mwenyekiti wa kijiji chetu mwaka huo alikuwa Werema, mtoto wa Mogesi.

Barazani Daktari Maftah alisimama mbele ya watu wapatao mia tatu. Alikuwa mtu mstaarabu, Kiswahili chake laini cha Pwani, na wazee aliwapa shikamoo mmoja mmoja, siwezi kumnyima hilo. Akasema, "Tunatafuta maganda ya risasi, vifungo, vyuma vya aina yoyote. Vitu hivyo vitatueleza nani alisimama wapi siku ile, na nani alikimbia."

Bibi alikuwa amekaa karibu yangu. Aliposikia "nani alikimbia" alinishika mkono hadi kucha zikaingia.

Daktari alipanda gari akaondoka, akaahidi kurudi mwezi wa saba. Hakusema neno jingine kuhusu namna ya kazi yake. Alikuwa ameniachia karatasi, basi, kwake yeye kazi ya kueleza ilikwisha.

Sasa, ninyi mnawajua wenyeviti wa miaka ile. Werema alisimama Jumamosi iliyofuata akatangaza kwamba mgeni wa serikali anatafuta vyuma na kijiji cha ujamaa hakimwachi mgeni ahangaike peke yake. Kila nyumba kumi zilete debe moja. Watu walipanda Gesarya kwa nyimbo, kama wanavyokwenda kwenye shamba la kijiji, wakaokota. Maganda yakaja nyumbani yakiwa na udongo na kutu, wanawake wakaona ni aibu kumpa mgeni vitu vichafu, wakayasugua kwa mchanga na majivu hadi yakang'aa.

Bibi hakusubiri tangazo la Jumamosi. Alipanda kila siku kwa wiki mbili, na siku nyingine nilimbebea kapu mimi mwenyewe. Mimi, mwenye kabati la vitabu. Alipata vipande saba vya shingoni vya wapagazi. Kila alipokipata kimoja alikiweka kwenye kiganja akakitazama muda mrefu, kisha akakifunga kwenye pindo la kitenge. "Hivi ndivyo vitasema," aliniambia. "Huyu mtu wa Dar es Salaam atawasikilizisha watu."

Mwezi wa saba Daktari alirudi na kamba, futi za kupimia na bendera ndogo nyekundu, mamia ya bendera, za kuchomeka ardhini. Alikuta madebe matano yamepangwa mstari mbele ya ghala na kijiji kizima kinapiga makofi.

Alichungulia debe la kwanza. Akachungulia la pili. Uso ukambadilika.

"Nani aliwaambia muokote?"

"Wewe mwenyewe, Daktari," Werema akajibu, bado anatabasamu. "Si ulisema unatafuta? Tumekutafutia."

"Mmeharibu!" Ile sauti laini ilikuwa imekwisha. "Mmeharibu kila kitu! Hii sasa ni skrepa, ya kuuzia mafundi wa majembe! Mwalimu, si nilikupa orodha? Kitabu namba mbili, ukurasa wa kumi na tisa!"

Nilikwenda kabatini nikakileta. Ukurasa wa kumi na tisa, mstari wa nne kutoka juu, ulisema hivi: usiinue kitu chochote kabla hujaweka alama mahali kilipolala, kwa maana ushahidi uko mahali, hauko kwenye kitu. Mstari mmoja. Nilikuwa nimeukalia miezi minne.

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Halafu, namshukuru Mungu, hasira ikaja nyuma yake.

"Daktari," nikasema, "watu hawa wote walikuwa mbele yako barazani, na mdomo ulikuwa nao. Mstari huu ungekuchukua muda gani kuutamka?"

"Ni mambo ya kitaalamu, Mwalimu. Huwezi kuyamwaga barazani. Yanahitaji usomaji."

"Kwa hiyo uliuficha kwenye Kiingereza, ukaja leo kutulaumu kwa kutouona."

Bibi alikuwa ananivuta kitenge. "Anasema nini huyu? Mbona anapiga kelele kwenye vyombo vya marehemu?"

Nikamweleza kwa Kikurya, nikitafuta mfano wa karibu, na mfano ulikuwepo siku zote. "Bibi, anasema zile risasi zilikuwa nyayo. Kama nyayo za ng'ombe walioibwa. Sisi tumezifagia."

Hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Ng'ombe wakiibwa, nyayo ndiyo kesi yenyewe. Mwanamke anayekwenda mtoni atazunguka asizikanyage. Mvua ikitishia, watu wanazifunika kwa matawi ya miiba. Zikifuatwa zikaingia kwenye ardhi yenu, ninyi ndio wa kujibu: ama mzitoe upande wa pili, mwonyeshe zilikokwenda, ama mlipe. Mtoto wa miaka mitano anajua hayo kabla hajajua kuhesabu. Na ni sisi hawa, kati ya watu wote wa nchi hii, ndio tulioambiwa hatukuelewa!

Bibi akamgeukia Daktari akamwambia kwa Kiswahili chake, "Wewe mura, wewe kijana, ungesema nyayo. Ungesema hivyo tu, hata mbuzi haingepita pale."

Daktari aliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mzee anayemchelewesha. Alijifungia na Werema ofisini kwa nusu saa, wakanywa chai, akaandika. Alipotoka akavichukua vipande saba vya Bibi, akavitia kwenye bahasha. Niliisoma bahasha kabla hajaifunga. Alikuwa ameandika: mahali vilipopatikana, hapajulikani. Bibi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Daktari hakumwuliza.

Mwezi wa kwanza mwaka 1976 ilikuja posta kutoka Mugumu: orodha ileile, imechapwa upya. Sasa vitabu vilikuwa kumi na tano. Cha kumi na tano kilikuwa kijitabu cha Daktari Maftah mwenyewe kuhusu vita vya Gesarya, na nakala moja alikuwa ameiambatanisha kwa ajili ya maktaba yetu, na salamu. Safari hii nilisoma. Nilisoma nimesimama, kati ya mbolea na dawa ya pamba, mpaka nikafika ukurasa wa kumi na moja: "Wapagazi walitupa mizigo korongoni, wakakimbia. Kwa kuwa wenyeji waliondoa vitu vyote mahali pake, hakuna ushahidi wa ardhini unaoweza kupinga habari hiyo, wala hautapatikana tena."

Ninyi mnaojua kusoma, fikirini. Uongo wa Mogesi ulikuwa unazunguka kijiji kimoja. Sasa ulikuwa umechapwa, unapendekezwa kusomwa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi. Nilitamani kumdanganya, sikuweza. Nikamtafsiria neno kwa neno. Alikuwa anapepeta ulezi. Hakuacha kupepeta mpaka nilipofika kwenye maneno ya mwisho.

"Hautapatikana? Umepotelea wapi?"

"Anasema mahali hapajulikani, Bibi. Hakuna anayejua kila kimoja kililala wapi."

"Mimi si nilivyookota?" Aliweka ungo chini. "Mimi nilivyookota, Regina. Mtu anainua kitu cha baba yake, halafu asahau alipokiinua?"

Tulipanda Gesarya asubuhi ileile. Alitangulia yeye, na umri wake ule, na fimbo. Karibu na kilele akasimama kwenye mwamba wenye ukurutu mweupe. "Hapa, cha kwanza. Kilikuwa kimelala kifudifudi, kamba imeoza." Hatua sita mbele: "Hapa viwili, vimegusana." Alinionyesha sehemu zote saba bila kusita. Zote zilikuwa juu, nyuma ya mawe ambayo askari walijikinga nayo.

Sikumwamini, na nalisema hilo kwa kinywa changu mwenyewe. Hicho ndicho shule ilichonifanyia. Siku tatu baadaye nilimrudisha kwa njia nyingine, nikamwanzisha upande wa pili, huku nimeficha vigingi nyasini kila mahali alipokuwa ameonyesha. Hakukosa hata kimoja. Basi nikawaita waliojaza madebe, mmoja mmoja, bila mwingine kusikia, kama tunavyowahoji mashahidi wa nyayo. Watu waliochunga ng'ombe katika kilima kile tangu utotoni! Walinionyesha kila kichaka. Pale walipotofautiana nilichora alama ya kuuliza. Palikuwa pachache.

Halafu Mzee Mniko, fundi wa kufuata nyayo kuliko wote upande wetu, alichimba kidogo kwa kisu pale kwenye mwamba wenye ukurutu, na chini ya udongo tukakuta misumari. Ilikuwa imejipanga pembe nne, mbao zimeoza zote, misumari imebaki ilivyokuwa. Sanduku la risasi. Hatukuinua hata mmoja. Tulichimba hivyo kwingine, tukahesabu bila kugusa: pamoja na hilo, masanduku kumi na moja juu, nyuma ya mawe, tukayafunika kwa miiba. Tukashuka korongoni, tukatambaa kwa magoti siku mbili. Korongoni lilikuwepo moja.

Nilimwandikia Daktari barua ya kurasa nane, na ramani niliyoipima kwa kamba ya shule. Nilimwomba aje aone misumari. Alijibu kwa kadi. Alinipongeza kwa juhudi zangu, akasema kumbukumbu za wazee haziwezi kusahihisha kazi iliyokwisha kuchapwa, na kwamba bajeti ya safari hakuna. Akaongeza: "Tafadhali tazama orodha, hasa namba nne, utaelewa sababu."

Niliipasua kadi. Sijuti.

Mzee Mniko ndiye aliyeita iritongo, na akaiitia Gesarya, korongoni. Werema hakutaka kuja. Alisema mambo ya ukoo yamepitwa na wakati, sasa kuna serikali ya kijiji. Lakini Mkurya akiitwa kwenye nyayo haendi kujificha, kwa sababu kutokwenda ni jibu. Alikuja, na kijitabu cha Daktari mkononi.

Mzee Mniko aliwatembeza watu wote, wanaume mbele, kutoka sanduku la korongoni, kupanda mteremko, mpaka kwa yale kumi na moja. Alifunua miiba, kila mtu akainama akatazama. Watu waliyasoma mambo yale kwa macho yao, bila orodha.

"Waliopanda hawa hapa," Mzee Mniko akasema. "Hawakurudi. Aliyerudi alikuwa mmoja. Sanduku la chini ni moja. Werema, nyayo zimeingia kwako. Zitoe."

Werema aliinua kijitabu juu. "Mnabishana na mimi? Mimi sijasema kitu. Kitabu kimesema! Kimeandikwa na daktari, kimepigwa chapa. Nyinyi si mnakwenda kisomo kila mchana mkiambiwa kitabu ndiyo elimu? Basi elimu imeshasema, walikimbia."

Niliona watu wanayumba. Wanafunzi wangu wa kisomo, watu wazima niliowafundisha kuliheshimu kila neno lililoandikwa, walikitazama kile kijitabu wakanywea. Damu ilinichemka. Nilipita katikati ya wanaume, jambo ambalo mwanamke hafanyi pale, nikakichukua kijitabu mkononi mwa Werema.

"Ukurasa wa kumi na moja," nikasema kwa sauti, "chini kabisa, kwa herufi ndogo, kitabu kinamtaja aliyekipa habari ya wapagazi kukimbia. Nasoma: 'Mazungumzo na Mwenyekiti Werema mwana wa Mogesi, ofisini kwake, Julai 1975.'" Nikasoma Kiingereza, nikasoma Kiswahili, nikasoma Kikurya. "Hana shahidi mwingine. Mmoja tu. Hiki ni kinywa cha Werema, kimekwenda Dar es Salaam kikarudi kimevaa jalada."

Kicheko kilianzia nyuma, kikali, kisicho na furaha. Werema aliangaza macho huku na huku. Mzee Mniko hakucheka.

"Zitoe, Werema," akarudia. "Tuonyeshe zinakotokea. Tutakufuata popote."

Werema alitazama mteremko. Alipiga hatua mbili kushuka, watu wakajiandaa kumfuata. Alisimama. Kisha akakaa chini kwenye nyasi, kofia mkononi. Sikumhurumia. Labda nilipaswa, maana mtu hachagui baba. Lakini shamba la baba yangu lilikuwa linalimwa na wana wa Werema mpaka siku ile.

Mzee Mniko aligeuka. Alipitisha macho juu ya wanaume wote, kwa sababu hao ndio huitwa, halafu akakumbuka kwamba nyumba yetu haikuwa na mwanamume tena. Jina lile lilikuwa limewamaliza. Macho yake yakafika kwa Bibi, nyuma kabisa, kwa wanawake.

"Nyumba ya Heche," akaita, "mna neno?"

Bibi Wegesa aliegemea fimbo, akapita katikati ya watu, na hakuna aliyemkata. Alifika kwenye misumari, akasimama kando yake, asiikanyage.

"Tunalo," akasema. "Kaeni chini wote. Ni refu."